Kitufe cha Kutokea

Novemba 3, 2008

Mvua ya kwanza imeshuka leo mchana, ya mawe, ikapiga bati za ghala mpaka tukawa tunaelewana kwa mikono. Naanza daftari jipya. La mwaka jana limejaa watu ambao wameshahama Sumbawanga, na kumsema mtu aliyehama hakuna raha yoyote.

Kompyuta imefika. Enock, fundi wa makao makuu, ameileta kutoka Mbeya juu ya lori la mbegu, kaikumbatia njia nzima mpaka mabega yamekakamaa. Kibodi ni ya mtumba, nusu ya maandishi yamefutika. Enock ni kijana mpole na ana haraka ya kurudi kabla barabara haijageuka tope. Alinikalisha kitini akanieleza kwamba hii ni kompyuta ndani ya kompyuta. Ya nje haishikwi na virusi, na ndiyo yenye modemu ya kutuma ripoti Mbeya. Ya ndani ni Windozi ya zamani, ndiyo pekee inayokubali programu yetu ya ghala. Ukiifungua ya ndani inajaza skrini nzima, na ya nje huioni tena.

"Sasa mama, ukishamaliza kuingiza magunia unataka kutoka ukatume ripoti," akasema. "Mlango huuoni. Unashika Kontrol ya kulia, hii hapa, unabonyeza na F. Ukisahau hiyo, umekwama humo humo."

"Na mshale?"

"Mshale nao ni mfungwa. Hiyo hiyo ndiyo inaufungua."

Nikaandika kiganjani. Kabula, mwenzangu wa ofisini, alikuwa nje anapokea magunia. Enock akaniambia nimfundishe. Nikasema sawa.

Novemba 4

Sijamfundisha.

Novemba 10

Niseme Kabula ni nani, maana nikifa ghafla atakayesoma hapa asije akadhani namchukia bure.

Ni binti wa Kisukuma. Baba yake alishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka bonde la Rukwa, wakaweka kambi Mtowisa na hawakuondoka tena. Ana kidato cha nne, ana cheti cha kompyuta, ana meno meupe. Jina lake, kwao, ni la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Akinisalimia anapiga goti kweli kweli, goti linagusa sakafu, shikamoo mama, kiasi kwamba huna pa kumshikia kosa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Mimi nilipiga chapa kwenye chama kikuu cha ushirika, ndani ya jengo hili hili, tangu nikiwa msichana. Barua zote za mahindi ya Ufipa zilipita kwenye vidole vyangu. Lilipokuja soko huria chama kikafa, taipureta yangu ikabebwa kwenye toroli pamoja na vyuma chakavu, nami nikarudi kulima ulezi na dada yangu Kristiana. Nimelima miaka mingi, mpaka kampuni hii ya kununua mahindi ilipokodi ghala na kutafuta mama mtu mzima anayejua kuandika. Magoti yangu hayarudi shambani tena. Naandika hivyo ili ieleweke.

Novemba 12

Umeme umekatika asubuhi, ukakatika mchana. Ukirudi, Windozi ya ndani inafunguka ndogo katikati ya skrini, weusi pande zote, kama dirisha la choo. Ukiiambia ijaze, inajaza, lakini maandishi yanakuwa manene mpaka nusu ya jedwali iko nje ya kioo. Ukiipunguza, mshale unapotea. Nimeitukana kwa Kifipa, na Kifipa kina matusi mazuri. Haikusikia.

Novemba 19

Bosi anataka kuanzia kesho tupokezane kwenye kompyuta, wiki yangu, wiki ya Kabula.

Kila unapoenda skrini nzima, kabla haijajaa, kinatokea kiboksi cha Kiingereza kinachokukumbusha kitufe cha kukutoa. Kabula Kiingereza anakijua. Chini ya maneno hayo kuna mahali pa kuweka tiki: usinionyeshe tena ujumbe huu. Nimeweka tiki. Halikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Novemba 20

Amekwama. Aliingiza magunia yote ya asubuhi vizuri, kwa vidole vyote kumi, nikimwangalia kwa pembe ya jicho huku nakunja risiti. Ilipofika saa ya kutuma ripoti, akaanza kutafuta mlango. Akausukuma mshale juu, akausukuma chini, akausukuma kwenye kona zote nne. Akagonga Esc. Akagonga kila kitufe cha mstari wa juu.

"Mama, samahani," akasema. "Hapa unatokaje?"

"Inategemea," nikasema. "Ina siku zake."

Mwishowe alizima kwa swichi ya ukutani. Magunia yote yakapotea, akaanza upya kwa kuhesabu vishina vya risiti. Nilikwenda nyumbani Izia nikapika samaki wa migebuka, nikala vizuri.

Desemba 2

Bosi ametuita. Bosi ni Meshack, mtu wa Dar es Salaam, umri wa mwanangu wa kwanza Adolfu, na ananiamkia kila asubuhi. Alipopangiwa Sumbawanga ndugu zake walimfanyia maombi ya siku nzima kana kwamba anakwenda vitani. Ana chupa ya mafuta ya upako kwenye droo. Anajipaka kabla ya kufungua ofisi na kabla ya kula chakula chetu. Ngurumo ikipiga anatuangalia mmoja mmoja, anatafuta nani kaituma. Sisi tumezoea. Wageni wote wanakuja na hadithi zao za uchawi kuhusu sisi, wanaondoka nazo zimenona.

Alisema mvua zikiisha, makao makuu yanataka mtu mmoja tu ofisini. Kompyuta inafanya kazi ya wawili. Atakayebaki ni yule ambaye ripoti zake zinafika.

Kabula aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa naangalia mikono yangu.

Desemba 15

Wiki ya Kabula. Ripoti imefika Mbeya mara moja tu, na hiyo ni kwa sababu umeme ulikatika wenyewe, kwa bahati magunia hayakupotea, na ulipowaka akaanza na ya nje.

Leo amelia. Si kwa sauti, machozi tu yakidondokea kwenye kibodi. Mzee Fabiani, mlinzi wetu, alichungulia dirishani akaondoka. Nikamuuliza Kabula kuna nini, maana mtu anategemewa kuuliza.

"Baba amesema nikikosa kazi nirudi Mtowisa, mama. Kuna mzee amekuja nyumbani. Ng'ombe wake baba ameshaonyeshwa."

"Mzee kiasi gani?"

"Anamzidi baba."

Nikamwambia ajifute, kibodi haitaki maji.

Desemba 24

Kabula amerudi kutoka kwao na mchele wa bondeni, mfuko kwangu na mfuko kwa bosi, zawadi ya Noeli. Wangu nimepokea. Bosi aliushika kwa ncha za vidole akauweka chini ya meza. Kabula alipotoka, bosi akaniuliza kwa sauti ndogo kama huwa tunakula vitu vya watu wa bonde.

Hapo ndipo wazo liliponijia, na lilikuja lenyewe, sikulitafuta.

"Mimi binafsi, bosi, siwezi kukushauri," nikasema. Nikatikisa kichwa kidogo.

Aliniomba niuondoe. Nimeondoka na mifuko yote miwili. Mchele ni mzuri, unanukia, haushikani. Tumekula Noeli na Kristiana mpaka tukalegea.

Januari 8, 2009

Ukungu. Baridi. Najifunga kanga mbili juu ya gauni.

Bosi kaniuliza mbona kompyuta ikinikamata mimi inaniachia, na Kabula haimwachii. Nikamwambia: "Naiomba tu, bosi, kwa jina la Mungu, inaniachia. Yeye sijui anaiomba kwa nani."

Alijipaka mafuta papo hapo. Mtu ana digrii.

Januari 14

Hatari. Kabula amepata namba ya simu ya Enock kwa dereva wa lori. Alimpigia kutoka uani na nilimsikia anaeleza vizuri kabisa: inajaa skrini nzima halafu sioni pa kutokea. Mtandao ukakatika kwa sababu ya mvua. Anasema atampigia tena kesho asubuhi.

Nilibaki nyuma kufunga ofisi. Nikachukua kisu cha kufungulia magunia, nikakichokonoa kitufe cha Kontrol ya kulia. Kiling'oka kirahisi kuliko nilivyodhani. Chini yake pamebaki kijipira cheupe, na ukikibonyeza kwa kifuniko cha peni kinafanya kazi vile vile. Nimejaribu.

Januari 15

Enock amepatikana. Kabula alisimama mbele ya kompyuta, simu sikioni.

"Kontrol ya kulia? Kulia mwisho? Haipo, kaka. Hapana, ya kushoto ipo. Ya kulia pana tundu." Akanigeukia. "Mama, hapa palikuwa na nini?"

"Hapajawahi kuwa na kitu," nikasema. "Zinakuja hivyo."

Akamwambia Enock hivyo hivyo, neno kwa neno. Enock akasema za mtumba ndivyo zilivyo, ataleta nyingine barabara ikipitika. Kabula akaushukuru mtandao, akamshukuru Enock, akanishukuru na mimi.

Kitufe nimekifunga kwenye pindo la kanga, pale ninapoweka chenji. Kukiacha nyumbani siwezi, Kristiana ana mikono mirefu. Kilikuwa kinateleza, nikakizungushia uzi wa gunia, mara nyingi, mpaka kikakaa.

Januari 27

Mvua. Ripoti zangu zimefika.

Januari 28

Mvua. Kristiana ana kikohozi. Ripoti imefika.

Februari 6

Bosi hapokei tena karatasi kutoka mkononi mwa Kabula. Anamwambia aweke mezani, akiondoka ndipo anachukua. Wapakiaji wameona, na wapakiaji wakiona mji mzima umeona. Mama anayetuuzia maandazi leo alimpa Kabula andazi lake kwenye karatasi, wengine tukapewa mkononi. Kabula alilila nusu.

Mimi sikumwambia mama maandazi kitu. Nilichosema nilimwambia mtu mmoja tu, ofisini, tena kwa kutikisa kichwa. Mengine watu wamejiongezea.

Februari 18

Mzee Fabiani amenikalia njiani wakati natoka. Mzee huyu alikuwa mlinzi tangu enzi za ushirika, tunajuana.

"Bertilla," akasema, "yule mtoto wanamsema."

"Nasikia."

"Sisi Wafipa tumesemwa nchi nzima. Mtu akipigwa na radi Tanga, wanasema imetoka Sumbawanga. Na wewe leo unamgawia mwenzio?"

"Shikamoo mzee," nikamwambia, "mvua inanyesha." Nikapita.

Nimekasirika mpaka sasa. Angekuwa yeye ndiye anayerudishwa shambani, angekuwa ananihubiria?

Machi 3

Mguu wangu umevimba, sikwenda kazini. Nilitegemea atakuja mtu wa jumuiya yetu ya kanisani, maana wiki iliyopita nilimpelekea uji Coleta, mwenyekiti wetu, alipougua. Aliyekuja ni Kabula. Ametembea kwenye tope lote la Izia, viatu mkononi. Amenikanda mguu kwa maji ya moto na chumvi, ameosha vyombo, ameleta samli ya kwao kwenye kopo la maziwa.

"Nimemwambia bosi umeenda kliniki, mama. Asije akasema hukuaga."

Anaimba kwa kunong'ona akiwa anaosha vyombo. Sikujua kama anaimba. Mtu unakaa naye chumba kimoja miezi minne humsikii akiimba, kumbe kule ofisini hathubutu.

Alipoondoka nilikifungua kile kitufe nikakiangalia. Kitu chenyewe hakijai hata kwenye ukucha wa gumba. Nimeamua Jumatatu nitafika mapema, nitakibandika mahali pake, nitajifanya nimekiokota uvunguni.

Machi 9

Jumatatu. Nilifika mapema. Bosi alikuwa ameshafika, anasoma ripoti. Akasema, "Mama, kwa mwenendo huu wewe ndiye utabaki." Kitufe kimebaki kwenye pindo.

Machi 14

Jumamosi, nimemsaidia Kristiana kufunika majani kwenye matuta. Nimeinama saa moja tu, na kurudi nyumbani nimerudi nimeshika ukuta wa kila nyumba. Nikikaribia kumhurumia mtoto wa watu, nitakumbuka leo.

Machi 24

Lazima niandike, na niandike kwa mpangilio.

Wiki ya Kabula. Asubuhi jua, mchana mawingu meusi kutoka upande wa bonde. Malori manne yalishusha mahindi na Kabula akayaingiza yote, gunia kwa gunia. Ilipofika saa ya kutuma akakwama kama kawaida. Skrini nzima, mshale mfungwa, na yeye anagonga Kontrol ya kushoto, anagonga F, anagonga tena, mtu anayejua mlango ni wa kulia na anaendelea kubisha kushoto.

Ngurumo zikaanza. Sheria ya ofisi, na ya kila nyumba hapa, ni kwamba zikianza tunazima na kuchomoa. Nilimwona ananyoosha mkono kwenye swichi. Akaurudisha. Wiki iliyopita bosi alimwambia ripoti moja zaidi ikipotea afungashe siku hiyo hiyo.

"Mama," akaniambia, "wewe inakuachia. Niombee na mimi."

Nilikuwa na peni mkononi. Hatua mbili, kifuniko kwenye kijipira, F, basi, angetoka, angetuma, angechomoa. Nilifikiri: akipoteza hii, imekwisha, nimebaki mimi. Nikamwambia, "Jaribu mwenyewe, utajifunza lini?"

Radi ilipiga nguzo ya umeme nje ya ghala. Sikusikia mlio, nilihisi sakafu. Moto wa buluu ulitoka kwenye soketi, ukapita, na Kabula alikuwa chini mita mbili kutoka kwenye kiti, kalala chali, gauni limepanda mpaka kiunoni, na wapakiaji wote wanaingia mbio.

Sasa hapa sikufikiri kabisa. Mwanamke akianguka mbele ya wanaume unamsitiri, hilo hufundishwi, mkono unakwenda wenyewe. Nilifungua kanga ya juu nikamfunika, nikamviringisha kuanzia kifua mpaka miguu. Nikamwita jina. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Mzee Fabiani akamwekea sikio kifuani akasema anapumua. Bosi alikuwa amejibana mlangoni na chupa yake. Fabiani akamfokea, bosi mzima, alete gari, akalileta. Wakambeba ndani ya kanga yangu wakaondoka naye hospitali.

Nilibaki na harufu ya plastiki iliyoungua. Nililia, nililia kweli, sitaki mtu aseme sikulia. Nikamwomba Mungu asife. Halafu nikaenda gengeni kununua nyanya, nikapeleka mkono kwenye pindo kutafuta chenji.

Hakuna pindo. Nimejifunga kanga moja.

Machi 26

Kabula anaishi. Mkono wa kulia umeungua, masikio yanavuma, lakini anaongea. Nimekwenda hospitali na chungwa. Nesi akasema amelala. Nikauliza kuhusu kanga yangu. Nesi akasema, "Ile ya kwako?" akaniangalia kwa muda, akasema vitu vya mgonjwa amechukua bosi wake.

Enock naye hapatikani. Dereva anasema ameacha kazi tangu Februari, amekwenda Zambia.

Machi 30

Bosi amemleta mchungaji. Wameomba ofisini kuanzia asubuhi. Kompyuta imeungua, boksi lake limerudishwa Mbeya, lakini kibodi mchungaji alisema isibaki. Waliimwagia mafuta ya taa nyuma ya ghala wakaichoma. Nilisimama naangalia vitufe vinayeyuka, na tundu lile likayeyuka pamoja navyo. Bosi hakuniamkia leo.

Aprili 2

Nimeitwa. Kitufe kilikuwa juu ya gazeti, katikati ya meza, na uzi wake wa gunia. Hakukishika. Alikisogeza kwa rula.

"Mama, mimi nakuheshimu kama mama yangu mzazi," akasema. "Nesi alifungua pindo atafute hela ya kadi, akakuta hiki. Ni nini?"

"Kitufe cha kompyuta, bosi."

"Kitufe gani kinafungwa uzi?"

"Kilikuwa kinateleza."

"Kitufe gani hakina maandishi?"

"Yamefutika. Kibodi ilikuwa ya mtumba."

"Na ukamfunika nacho mtu aliyepigwa na radi."

Nikaona inakokwenda. Basi nikasema kweli yote, na sijui mara ya mwisho kusema kweli yote kwa mtu ilikuwa lini. Nikamwambia ni kitufe cha kutokea, kwamba nilikichokonoa kwa kisu ili Kabula asiweze kutoka, kwamba mimi nilikuwa natumia kifuniko cha peni. Nikamwambia nifukuze kwa hilo, ni haki yako, lakini hilo jina lingine usinipe, mimi ni Mkatoliki, nakaa Izia na watu.

"Uliniambia unaiomba kwa jina la Mungu," akasema.

"Nilidanganya."

"Kwa hiyo mara ile ulidanganya, leo ndiyo kweli." Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anaogopa, jasho linamtoka, na mtu anayeogopa huwezi kumweleza mambo ya kifuniko cha peni. "Kuna mtu mwingine aliyekiona kwenye hiyo kibodi?"

Enock yuko Zambia. Kibodi ni majivu. Nikasema Kabula. Kabula aliongea na Enock kwenye simu, aliambiwa Kontrol ya kulia, anajua palikuwa na kitu pale. Nilisema haraka haraka. Nilifurahi, kusema kweli, nilipokumbuka kwamba yupo.

Alikuwa nje kwenye benchi, ametoka hospitali jana, mkono umefungwa bendeji. Akaingia. Akapiga goti: "Shikamoo mama." Nikaitikia. Bosi akamwonyesha gazeti.

"Kabula, mama anasema hiki kilikuwa kwenye kibodi. Uliwahi kukiona?"

Alikiangalia. Alikiangalia kwa muda mrefu, kisha akaniangalia mimi, na nikaona anapita kwenye wiki zote zile, moja moja, kona zote nne za ile skrini, mpaka kwenye ile saa ya radi. Nikaona amefika. Amejua kila kitu. Nikamwomba kwa macho.

"Sijawahi kukiona, bosi," akasema. "Pale palikuwa na tundu. Nilimuuliza mama palikuwa na nini. Akaniambia hapajawahi kuwa na kitu, zinakuja hivyo."

Hakuna neno hata moja la uongo humo. Lingekuwepo ningelishika.

Aprili 3

Nimekabidhi funguo. Mzee Fabiani alinifungulia geti, akasubiri nipite ndipo akaligusa tena.

Aprili 19

Jumapili. Jumuiya leo ilikuwa zamu ya kwangu. Nimefagia, nimeazima mabenchi, nimechemsha chai ya tangawizi sufuria nzima. Kristiana alisema kichwa kinamuuma. Jua limezama, mabenchi yako vile vile. Wimbo wa kufungua nimeusikia ukitokea nyumbani kwa Coleta, nyumba ya tatu.

Aprili 22

Mvua hazipo tena. Nimeenda shambani na jembe, peke yangu.

Aprili 25

Kabula amekuja. Ndiye mtu wa kwanza kuvuka kizingiti changu tangu Pasaka. Wamemwachia ofisi, Mbeya wameleta kompyuta mpya ya kawaida, ukiifungua unaona kila kitu. Baba yake amewakataa wale ng'ombe. Aliniambia hayo nilipomuuliza, hakuongeza.

Alileta kanga yangu. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne. Aliniwekea magotini kwa mkono wa kushoto akaomba radhi kwa mkono, wa kulia bado haushiki vizuri.

"Asante kwa kunisitiri siku ile, mama," akasema.

Nilimwambia akae anywe chai. Akasema jua linazama. Alipotoka nilikunjua kanga nikatafuta pindo langu. Limefunguliwa, limenyooshwa, pasi imepita juu yake mpaka huwezi kujua kama paliwahi kuwa na kitu.